Pedali ya Sauti Iliyopakwa Dhahabu

Pamba alikuwa na pua ya kunusa shida ya mtu kabla hajamwona mtu mwenyewe. Alhamisi ile alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vyombo vya muziki, akijifanya anachagua nyuzi za gitaa, kazi aliyoifanya kwa miaka mitatu bila kununua hata uzi mmoja. Ndipo akasikia sauti ya mwanamke nyuma yake.

"Na hii ndiyo ya bei ya chini kabisa?"

"Ya chini kabisa, mama," mwenye duka akajibu. "Noti thelathini."

"Haina mdogo wake?"

"Mdogo wake yupo pale, ila huyo ni wa kinanda. Ukimkanyaga anawaka, ukimwachia anazima. Wewe unataka ya kupandisha na kushusha sauti taratibu."

"Taratibu, eeh," yule mwanamke akasema, akaishika ile ya noti thelathini, akaipima uzito, akairudisha kwenye kioo kama anayelaza mtoto wa mwenzie. "Jumamosi bendi inanijaribu harusini. Kiongozi wao kaniambia wazi, nikija na gitaa bila pedali ya sauti, nitakaa na wageni nile keki. Na mimi keki sina shida nayo."

Pamba akageuza shingo polepole. Aliona mama wa makamo mwenye gauni la kijivu lililopigwa pasi mpaka likanyooka kama karatasi, raba nyeupe za kazi, na mkoba aliokuwa ameukumbatia kwa mikono miwili. Mtaani walimwita Mkunga, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mpaka kustaafu. Mumewe alipofariki alimwachia gitaa la pedali, lile linalosimama kwa miguu minne kama meza, nyuzi zikitazama juu. Mkono mmoja unachuna, mwingine unateleza na kipande cha chuma, magoti na miguu vinahangaika chini kwa chini. Mkunga alijifunza peke yake kwa miaka mitano, sebuleni, dirisha likiwa limefungwa ili majirani wasimcheke. Kitu kimoja tu alikikosa, ile pedali ya mguu wa kulia. Iliazimwa kabla ya msiba, na aliyeiazima hakuonekana tena.

Bila hiyo pedali, noti ya gitaa hilo huzaliwa ikipiga kelele, kisha hunywea na kukata roho kabla hujaifurahia. Mguu ndio unaoifuata, ukiipa pumzi kidogo kidogo kila inapotaka kuzima, mpaka iimbe kama mtu. Hayo Pamba hakuyajua. Alichojua ni kwamba hapa kuna mama, ana haraka, na siku zimebaki mbili. Moyo wake ukacheza.

Jina la Pamba alipewa kwa ajili ya maneno yake. Kuna watu huongea ukawasikia. Yeye akiongea unajihisi umefutwa jasho.

Alimkuta Mkunga nje, kivulini mwa duka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unisamehe, sikukusudia kusikiliza. Nimesikia unatafuta pedali ya sauti, na mwili wote umenisisimka. Mjomba wangu alikuwa mpigaji wa gitaa hilo hilo. Sasa ameacha."

"Ameacha kupiga?"

"Ameacha dunia."

"Oh! Pole sana."

"Nimeshapoa, mama. Ila kaniachia pedali yake. Kila asubuhi naiangalia, inaniangalia. Nikasema, siwezi kuiuza kwa mtu yeyote tu. Lazima apatikane mwenye mguu wa heshima." Akatazama zile raba nyeupe kwa unyenyekevu. "Kwa mtu mwingine ni noti ishirini na tano. Kwako kumi na tano."

"Kwa nini kwangu kumi na tano?"

"Una uso wa mjomba."

Mkunga akaukaza mkoba kifuani. "Niletee kesho nyumbani, saa nane mchana. Sinunui kitu sijakikanyaga."

Mjomba, ni lazima tukiri kwa masikitiko, hakuwahi kuzaliwa. Pedali yenyewe ilikuwepo kweli, lakini si kwenye meza ya kumbukumbu. Ilikuwa kwa muuza vyuma chakavu, chini ya betri tatu za gari na kipande cha bati. Pamba alipimiwa kwa kilo jioni hiyo hiyo, na kilo haikutimia. Ilikuwa na kutu, vumbi na harufu ya panya. Akaisugua kwa msasa, kisha akaipulizia rangi ya dhahabu, kwani kwa uzoefu wake mtu hakiulizi maswali kitu kinachong'aa. Akapaka juu, akapaka ubavuni, na chini akapaka mara mbili. Huko chini kulikuwa na makovu-makovu yaliyomuudhi macho.

Ijumaa asubuhi akaipeleka kwa fundi redio. Fundi akachomeka waya, akakanyaga. Spika ikatoa mlio wa kuku anayechakura juu ya bati.

"Voliumu ya ndani imelika," fundi akasema. "Hiki kidude kinachopandisha na kushusha sauti, umekiona? Kimechoka. Nikubadilishie? Ni bei ya mkate."

"Mkate nitakula mwenyewe. Huna dawa?"

"Ya kupuliza ninayo. Nikipulizia itanyamaza dakika ishirini, ikikupenda sana nusu saa. Ikikauka inarudi kulia."

"Ishirini zinanitosha kuoa na kuacha," Pamba akasema. "Nigawie kidogo kwenye kichupa, nitapuliza mwenyewe nikikaribia."

Saa nane kasoro dakika tatu, Pamba alisimama pembeni mwa ukuta wa jirani wa Mkunga, akaipulizia pedali dawa kwenye tundu lake kama anayemtia mgonjwa matone ya pua. Akatazama saa. Akabisha hodi.

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Beseni la nepi lilikuwa mlangoni likisubiri jua. Katikati lilisimama gitaa, limefunikwa shuka la hospitali lenye mhuri uliofifia. Mkunga alikuwa chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana, akichomeka waya. Kabla Pamba hajamaliza kusema shikamoo, mlango wa chumbani ukafunguka, akatoka binti wa mama huyo, sare ya duka la dawa mwilini, kitana kichwani, na mtoto wa miezi saba kwapani.

"Mama, nachelewa zamu! Nani anamshika?"

"Mpe mgeni," sauti ikatoka chini ya gitaa.

"Mimi?" Pamba akauliza.

"Si una mikono miwili?"

Mtoto akatua kifuani kwa Pamba. Binti akatoka mbio. Pamba alimshika yule mtoto kama mtu aliyekabidhiwa sufuria ya moto na hajaona pa kuitua. Mtoto akamkagua, akamvuta sikio, akaridhika.

"Haya," Mkunga akasema akijipangusa vumbi, "nionyeshe."

Dakika nne zilikuwa zimekwisha. Pamba akaiweka pedali sakafuni, akachomeka waya kwa mkono mmoja, akamwomba mama agonge uzi wowote. Uzi ukagongwa. Pamba akakanyaga kwa nguvu zake zote, mpaka mwisho. Vikombe kabatini vikatetemeka.

"Umeisikia hiyo, mama? Hiyo ni sauti ya mjomba!"

"Mbona umeikanyaga yote?"

"Ili upate nguvu yake."

"Ukimaliza nguvu yote mwanzoni, noti ikianza kufa utaiongezea nini? Unakanyaga nusu, mwanangu. Nusu nyingine unaiweka akiba."

"Nilikuwa nakupima," Pamba akasema bila kupepesa.

"Nimefaulu?"

"Vizuri sana. Basi tumalize, kumi na tano zangu..."

"Subiri."

Mkunga akakaa. Akavua raba ya kulia, akaweka mguu wenye soksi juu ya dhahabu, akaanza kupiga. Pedali ikatii. Noti zikapanda, zikashuka, zikaning'inia hewani bila kuanguka. Hata Pamba, ambaye muziki kwake ulikuwa ni njia ya kujua nani ana pesa ya kuuchezea, alijikuta anatikisa mguu. Mtoto akalaza shavu kwenye kola yake na kupiga miayo. Dakika kumi na moja.

"Mama, mimi nina safari kidogo..."

"Niweke chai kwanza. Unakunywa na sukari?"

"Ningependa, lakini safari..."

"Miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kusubiri," Mkunga akasema akielekea jikoni. "Kina mama wananiambia nifanye haraka, waume zao wananiambia nifanye haraka, na mtoto ndani anasema mimi sijawa tayari. Nilikuwa namsikiliza mtoto."

Pamba akajaribu kuinuka.

"Usinyanyuke!" Mkunga akanong'ona kutoka jikoni kwa ukali. "Kalala huyo! Ukimwamsha sasa hivi, utambembeleza wewe mpaka mama yake arudi saa kumi na mbili."

Pamba akaketi. Mtoto alikuwa amelala kweli, mdomo wazi, mate yakichora ramani kwenye shati lake la harusi za watu. Uzito wake ulikuwa kama wa mkate uliotoka jikoni. Mjanja wa mji mzima, aliyewahi kuruka dirisha la ghorofa ya kwanza na kasha la saa mkononi, alishindwa kusogeza kiwiko.

Chai ikaja. Ikawa ya moto. Maongezi yakawa ya kunong'ona, na Pamba akagundua jambo ambalo hakuwahi kulijua kuhusu kazi yake: uongo unataka sauti. Ukiwa na mtoto aliyelala kifuani, unaulizwa unakaa wapi, ulimi unateleza wenyewe.

"Nyuma ya mashine ya kusaga," akanong'ona. "Nyumba ya bati jekundu. Mlango wa tatu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Unamshika vizuri. Wengi humsahau shingo."

Pamba akahisi masikio yanapata moto, akakasirika bila kujua anamkasirikia nani. Dakika thelathini na mbili. Mkunga akarudi kwenye gitaa, akaweka mguu, akachuna uzi.

*Krrrr.*

Mguu ukasimama.

"Hiyo nini?" Mkunga akauliza.

"Umeme wa mtaa huu, mama. Nimeuona tangu naingia."

*Krrr-krrrr.*

"Na huo?"

"Vumbi. Mjomba alipenda sana kupiga nje."

*Krrrrrrr.*

Hata mjomba alikuwa ameishiwa.

Mkunga akaichomoa pedali, akaipakata. Akaisogeza puani. "Dawa ya fundi redio," akasema, kwa upole wa mtu anayesoma kadi ya kliniki. Kisha akaigeuza chini juu na kupitisha vidole polepole juu ya ile rangi iliyopakwa mara mbili. Vidole vikaenda, vikarudi, vikasimama mahali pamoja. Vikabonyeza. Uso wake ukabadilika kidogo, na Pamba akadhani ni hasira. Hakuwa amewahi kumwona mkunga anayepapasa tumbo na kugundua mapacha.

"Mwanangu," akasema, "hii pedali inaumwa."

"Basi tufanye tisa."

"Mbili."

"Mbili? Mama, hiyo rangi peke yake..."

"Hiyo rangi ndiyo inayonitia huruma."

"Tano, mama. Nihurumie na mimi nina nauli."

"Ngoja basi nimwite fundi redio aje atuambie alipuliza saa ngapi. Si mbali. Wanawe wote wanne wamepita mikononi mwangu, nikimwita hachelewi."

"Mbili zinatosha," Pamba akasema.

Akatoka na noti mbili mfukoni, baada ya mtoto kung'olewa shatini kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, kufika kona alikuwa anapiga mluzi. Kitu cha kilo pungufu, kibovu, kinachokwaruza, na mama wa watu kakilipia noti mbili huku akijua ni kibovu! Ushindi ulioje! Ila shati lilikuwa linanukia poda ya mtoto, na kila alipoinusa, mluzi ulikuwa unakatika. Jumamosi yule mama atakanyaga hicho kidude mbele ya maharusi, kitakwaruza, na kiongozi wa bendi atamwonyesha kiti cha wageni. Miaka mitano ya dirisha lililofungwa, aliyomnong'onezea wakati wa chai, itaishia kwenye sahani ya keki. Pamba akajiambia hiyo si shida yake. Akajiambia mara nne.

Jumamosi alasiri alikuwa ukumbini. Alijiambia amekwenda kikazi, maana harusini watu wana furaha na mifuko iliyolegea. Akajipenyeza kati ya viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, akakaa kwa bahati mbaya karibu na mwenye duka la vyombo vya muziki, aliyekuwa na tai iliyombana shingo.

Bendi ikapanda. Mkunga akakaa nyuma ya gitaa lake, gauni lile lile la kijivu, ua moja limechomekwa kifuani. Akavua raba ya kulia. Kiongozi wa bendi, mtu mnene mwenye taulo begani, akamtazama kama mtu anayetazama mawingu siku ya kuanika nguo.

Pamba akafumba macho, akisubiri kuku achakure bati.

Noti ya kwanza ikatoka. Haikukwaruza. Ilianza ndogo, karibu na sakafu, ikainuka bila kutikisika, ikakua, ikafika pale ambapo noti zote huchoka, na mguu wenye soksi ukaipa pumzi nyingine, ikaendelea. Bibi harusi akaacha kurekebisha shela. Kiongozi wa bendi akashusha taulo polepole, akalikumbatia. Na Mkunga, macho chini, akawa anacheka peke yake kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Inaimba!" Pamba akasema kwa sauti kabla hajajizuia.

"Ee, itaachaje kuimba?" mwenye duka akamjibu. "Unaijua ile pedali? Ile ni Tausi. Mama kaniletea jana jioni, imepakwa rangi ya kuchekesha. Tumeikwangua chini, chapa ya tausi hiyo hapo, imegongwa kwenye chuma. Kiwanda kilifungwa zamani, hazitengenezwi tena. Ni fupi, inaingia chini ya gitaa bila goti kugonga chochote, na bodi lake hata gari likipita juu haliumii. Nilimwekea noti sitini mezani palepale. Kakataa."

"Si... sitini?"

"Kaweka voliumu mpya, bei ya mkate, basi, kitu kimerudi ujana. Sasa sikia kichekesho, ndugu yangu. Kuna mjinga mmoja aliipaka rangi mpaka chini, akaifunika chapa kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili! Akamuuzia mama kwa noti mbili."

"Mjinga kweli," Pamba akasema. Tabasamu lilikuwa limemganda usoni kama nta.

Muziki uliposimama ili maharusi wale, alikuwa wa kwanza kufika jukwaani.

"Mama," akanong'ona, "umenifanyia nini?"

"Nimenunua pedali yako."

"Ulijua!"

"Vidole vilijua, ya mume wangu ilikuwa na chapa hiyo hiyo. Mimi nimevifuata tu."

"Huo ni wizi!"

"Basi twende tukaripoti." Mkunga akaanza kuvaa raba. "Mimi nitaeleza nilinunua nini. Wewe utaeleza ulikuwa unauza nini. Utaanza wewe."

Pamba akaanza kuhesabu hatua mpaka mlangoni. Na kabla hajazimaliza, kiongozi wa bendi akamfikia Mkunga, jasho likimtiririka kwa furaha.

"Kuanzia leo hicho kiti ni chako, mama. Tena Jumamosi ijayo tuna harusi mbili. Lakini niambie, nani kakupatia hiyo pedali?"

Mkunga akaonyesha kwa kidevu. "Huyu hapa. Mtaalamu."

Bendi nzima ikageuka. Mpiga gitaa la kawaida akasogea, na wa kinanda, na kijana wa bendi nyingine aliyekuja kama mgeni tu. Wakamzunguka Pamba. Maisha yake yote alikuwa amewafuata watu wenye noti. Leo noti zilimfuata zenyewe, zikitoka mifukoni bila kubembelezwa.

"Unayo nyingine, kaka?"

"Hata kama si nzuri sana, tutaitengeneza."

Mdomo wa Pamba ukajifungua wenyewe. "Kusema kweli, marehemu mjomba wangu..."

"Anakaa nyuma ya mashine ya kusaga," Mkunga akasema, akikaza uzi mmoja wa gitaa na kuusikiliza. "Nyumba ya bati jekundu, mlango wa tatu. Hamwezi kumkosa."

"Aah, pale!" wa kinanda akafurahi. "Kumbe ni jirani yangu! Mimi nimehamia juzi, mlango wa tano."

Mjomba akafa mara ya pili. Pamba akatazama nyuso, akatazama noti, akatazama mlango wa ukumbi, ambao wapishi walikuwa wameuziba kwa sufuria kubwa. Kisha akatamka neno ambalo hakuwahi kulitumia kazini.

"Sina."

Wakatazamana.

"Mnamwona?" mpiga gitaa akasema kwa heshima. "Anapandisha bei."

"Noti sabini," akasema kiongozi wa bendi.

"Jamani, sina. Ile ilikuwa moja tu, niliokota kwenye chuma chakavu. Nawaambia ukweli!"

"Chuma chakavu, anasema!" Wakacheka, wakipigana mabega. "Huyu mtu ni mgumu. Themanini!"

"Naapa sina!"

"Tisini, na chakula."

Pamba akageuka kumtazama Mkunga, akimwomba kwa macho awaambie. Mkunga akamtikisia kichwa polepole, akavua tena raba ya kulia, akaikanyaga pedali nusu. Wimbo ukaanza. Kiongozi wa bendi alikuwa hasikilizi. Alivuta kiti kilichovalishwa kitambaa cheupe, akakaa mbele ya Pamba, akatandaza taulo magotini na kuzipanga noti juu yake.

"Mia na ishirini," akasema. "Na sina haraka."